Kutunza Vichaka vya Nyumbani Katika Baridi ya Ughaibuni

Aliyekulia Kisumu au Nakuru amezoea kuona bogenvilia na haibiskasi zikichanua mwaka mzima, na akihamia Uingereza au kaskazini mwa Marekani hutamani kuwa na kichaka kama hicho mlangoni pake. Kwa baadhi ya vichaka jambo hili linawezekana, mradi mkulima akubali kwamba kinachookolewa ni mizizi. Matawi mara nyingi yatakufa.

Chagua mahali kwanza. Maseno, ambako mstari wa ikweta unapita, jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi, na hakuna anayeuliza ukuta wake unatazama wapi. Kaskazini, jua la Desemba hubaki chini upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndio hulipata, ukatunza joto la mchana na kulitoa usiku. Epuka bonde, kwa maana hewa baridi ni nzito na hutiririkia chini. Hata kwetu, jalidi inapounguza majani chai Kericho na Nandi, sehemu za mabondeni ndizo huumia zaidi.

Udongo uliotuama maji huozesha mizizi upesi kuliko baridi yenyewe, hivyo inua tuta na uchanganye kokoto ndogo. Kiangazi kinapokaribia kuisha, acha mbolea ya naitrojeni, na usipogoe, kwa kuwa machipukizi mapya ni laini mno kuhimili jalidi. Kisha rundika majani makavu shinani, kina cha sentimita 15 hadi 20. Usiku wa baridi kali funika kichaka kwa kitambaa chepesi, wala si karatasi ya plastiki inayogusa majani.

Fuksia ya Chile na Ajentina huhimili vizuri: hunyauka hadi ardhini, kisha huchipuka upya. Haibiskasi yetu haiwezi kabisa kukaa nje penye theluji. Ipandwe kwenye chungu na kuingizwa ndani, na bogenvilia vivyo hivyo, ikipewa mwanga mwingi na maji kidogo. Anayetaka haibiskasi ya bustanini atafute ile ya Asia iitwayo Hibiscus syriacus. Vipandikizi kutoka nyumbani visisafirishwe bila cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mimea, na masharti ya nchi uendako yafuatwe.

Majira ya kuchipua yakifika, usiharakishe kung'oa. Kwaruza gome kwa ukucha karibu na shina: likiwa kijani ndani, kichaka ki hai. Hata likiwa kahawia, subiri hadi Juni, kwani chipukizi huweza kutoka chini ya udongo.