Kufungua kalipa ya mbele ya Corolla 110 ukiwa nyumbani

Kinachowatesa wengi kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski ya breki, ni mpangilio wa kazi. Mtu anakimbilia bolti mbili zinazoishika, anaitoa, ndipo anagundua mpira wa breki (bomba linaloleta mafuta ya breki) bado umekazwa na pistoni, ile inayosukuma pedi, imeganda ndani. Hapo kalipa haina pa kushikiliwa, kila ukivuta spana inazunguka nayo. Kwa hiyo kila kinachohitaji nguvu kilegezwe kalipa ikiwa bado imefungwa mahali pake.

Andaa boksi (soketi) namba 21, 17 na 14, ring spana ndogo ya nipeli (kile kibolti cha kutolea upepo kwenye kalipa), jeki, stendi, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, waya mgumu na kopo. Tafuta na mtu wa kukukanyagia breki.

1. Nyanyua gari. Egesha penye sakafu ngumu, vuta hendibreki, zuia tairi za nyuma kwa mawe. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, kisha nyanyua, weka stendi, vua tairi. Tofali la saruji si stendi. Hupasuka ghafla, na wewe uko chini.

2. Hakikisha tatizo ni kalipa kweli. Hatua hii inaokoa pesa. Kama tairi ilikuwa inang'ang'ania na kupata moto, mwambie mwenzako akanyage breki na kuachia, kisha zungusha diski kwa mkono. Ikigoma, fungua nipeli ya kutolea upepo nusu mzunguko. Mafuta yakitoka kwa nguvu na diski ikaachia, presha ilikuwa imenaswa, na wa kwanza kushukiwa ni mpira wa breki ulioziba kwa ndani, ingawa kwa nje unaonekana mzima. Diski ikiendelea kugoma, shida iko kwenye pistoni au pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Funga nipeli.

Magari ya Tanga, Mombasa au Zanzibar, kwa ile hewa ya chumvi, nipeli hushikana hasa. Sugua kwa brashi, pulizia mafuta ya kulegeza, iache ilale mpaka kesho. Ukiilazimisha na spana ya mdomo utaila pembe, na ikikatika ndani umeongeza kazi nyingine.

3. Legeza bolti ya mpira wa breki. Robo mzunguko tu, kisha ikaze tena. Nia ni kuivunja ile kutu. Kama unabadilisha pedi tu, usiiguse kabisa.

4. Sukuma pistoni kwa pedali. Hii ni kwa anayekwenda kubadilisha raba za ndani, zile zinazoizunguka pistoni. Toa bolti ya chini ya kalipa (kwa kawaida 14), inua kalipa juu kama mfuniko wa sanduku, toa pedi. Weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, mwenzako akanyage taratibu huku wewe ukitazama. Pistoni itoke zaidi ya nusu, isimalizike. Presha ya pedali huisukuma pistoni iliyoganda kuliko koleo lolote, na ukishachomoa mpira umeipoteza nafasi hiyo.

Vumbi la pedi usilipulize. Pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa.

5. Itoe. Kinga kopo, fungua bolti ya mpira, ziba ncha yake ili chupa ya mafuta ya breki isikauke na kuingiza upepo mpaka juu. Zile washa mbili laini tupa, utaweka mpya. Mafuta ya breki yakigusa rangi ya gari, mwagia maji papo hapo. Halafu toa bolti ya juu ya kalipa. Breketi, chuma kinachoishikilia kalipa, nayo ikitakiwa kutoka, bolti zake ni 17 na zimekazwa sana. Tumia mpini mrefu.

Asiyefungua mpira aitundike kalipa kwenye springi kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake.

Ukifungua pande zote mbili, ziandike kushoto na kulia kabla hujaziosha. Nipeli lazima ikae upande wa juu wakati wa kufunga. Zikibadilishana, nipeli itaangalia chini, na utatoa upepo mpaka usiku pedali ikiwa bado laini.