SOMO: Mke na mume mnaotaka kujenga boti yenu hapa Kigoma, someni kwanza ndo mniulize

Wakuu habari za jioni. Tangu baba watoto aweke ile picha ya boti yetu pale Katonga simu yangu haipumziki, "shemeji mlianzaje", "dada mbao mlitoa wapi", leo namjibu mtu kesho anamtuma mdogo wake aniulize hilohilo. Kwahiyo naandika mara moja. Ukiniuliza kitu ambacho kipo humu nitakurudisha humuhumu na usinune.

Tuelewane kabisa, hii ni boti ya familia, futi 22, injini ya nguvu za farasi 15, siyo ya kuvua wala ya abiria. Kwa baba watoto ni Mwamgongo, ukishapita Gombe, na njia yetu ni maji, unashuka Kibirizi unasubiri boti ijae, mnabanana na magunia, jua lenu mvua yenu. Tukasema tuwe na yetu. Yeye ana duka, mimi nauza mawese, wala hakuna fundi boti ndani ya nyumba hii. Tulimlipa mzee mmoja fundi wa Ujiji atutengenezee mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti chini kabisa, na mataruma, yaani mbavu zake, yaliyobaki tumegonga wenyewe mke na mume, kwa hiyo usiniambie huwezi.

Hatua ya 1: Daftari, kabla hamjanunua hata msumari mmoja. Najua mnacheka. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 60 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja inachukuliwa ni ya huyo mmoja mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, ikiwa na majina yenu wote wawili inachukuliwa mna haki sawa, nayo mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Sasa wanawake wenzangu mnatoa hela ya mawese, mnapika chakula cha mafundi, halafu risiti zote jina la baba. Sisi tulinunua kaunta buku, ukurasa wa kushoto wake wa kulia wangu, kila shilingi na kila siku ya kazi inaandikwa, hata siku niliyokaa na mtoto ili yeye apige randa iliandikwa. Risiti majina mawili. Hatujagombana kwa ajili ya hela hata siku moja, tumegombania mengine.

Hatua ya 2: Mahali pa kujengea. Kivulini, na mbali na maji kuliko unavyodhani. Sisi Februari 2024 tulitandika mkuku hatua kama thelathini kutoka ufukweni, mnakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka ule, Aprili tunaamka maji yanalamba magogo. Ilibidi tuite majirani tuivute juu.

Hatua ya 3: MBAO. Hapa ndo nilipoharibu mimi, siyo mume wangu, mimi, kwa sababu mimi ndo nilikuwa na haraka. Tulipata mninga mzuri, muuzaji ana kibali chake cha kusafirisha na mbao zina alama ya nyundo ya watu wa misitu, kila kitu sawa, tatizo zilikuwa mbichi, zimepasuliwa juzi tu na ilikuwa masika. Mzee fundi akasema ziacheni zikauke, mimi nikasema zitakaukia hukohuko kwenye boti. Tukagonga. Masika yakaisha, likaja jua la Juni, mbao zikaanza kunywea, kila kiungo kikaachia, ulikuwa unaweza kusimamisha sarafu ya mia mbili katikati ya mbao na mbao na ikakaa. Badala ya kuzing'oa nikaona dawa ni kushindilia pamba nyingi, tumeshindilia wiki nzima, ikaonekana imeziba vizuri kweli. Mwisho wa Agosti tukaishusha. Mbao ikiingia majini inavimba, na ikivimba inataka nafasi, nafasi yote tumeijaza pamba, ikakosa pa kwenda ikaanza kujisukuma kutoka kwenye mataruma. Nilisikia kwa masikio yangu misumari inakatika vichwa, tak, baada ya dakika tena tak, tuko na watoto wawili humo ndani. Hatujafika hata usawa wa Kibirizi maji yako kwenye vifundo vya miguu. Tukarudi tunakomba na sufuria la ugali.

Tulifumua safu nne za mbao. Miezi minne imeenda hapo.

Kwahiyo sikilizeni. Mbao zipangwe kivulini, kati ya safu na safu weka vijiti vyenye unene mmoja kila baada ya futi mbili hivi ili upepo upite, vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu la sivyo mbao zinapinda, ncha za mbao paka rangi yoyote ya zamani ili zisipasuke, juu weka mawe. Halafu usikubali mtu akwambie "zimekauka" kwa kuzigonga na kidole. Kata kipande cha futi moja, siyo cha pembeni, kata katikati ya ubao mmoja, kiweke palepale kwenye lundo, kila Jumapili kipime kwenye mzani wa duka. Kipande chetu cha raundi ya pili, mbao ya inchi moja kwa nane, kilianza gramu 1,480 kikaja kusimama 960. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo ndo mbao imekauka. Usianike juani kuharakisha, itapasuka utalia. USIKAUSHE MASIKA UKADHANI UMEKAUSHA.

Hatua ya 4 na 5: Mkuku na mataruma, mlipe fundi. Usibane hela hapa.

Hatua ya 6: Kugongelea mbao, hii ndo kazi ya wawili na ndo nilipenda kuliko zote. Kwanza toboa na drili tundu dogo kuliko msumari maana mninga unapasuka. Mmoja yuko nje anagonga, mwingine yuko ndani amekandamiza nyundo nzito pale ncha ya msumari itakapotokea, ili ikitoka ikutane na chuma ijikunje irudi kwenye mti. Sasa mko pande mbili za ubao hamuonani, kelele, na ukipaza sauti kila msumari mtachoka na mtatukanana, mimi nawaambia. Sisi tuliwekeana kugonga. Mimi ndani nikigonga mara moja maana yake niko tayari piga, mara mbili maana yake umekunjika vizuri twende mwingine, mara tatu ng'oa. Kufika safu ya tano hatukuwa tunaongea kabisa, mtoto wetu akaenda kumwambia bibi yake kwamba baba na mama wamenuniana.

Misumari iwe ya zinki. Ukitumia ya kawaida itakula kutu halafu utarudi kuniuliza.

Hatua ya 7: Kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao. Pamba inasokotwa kama utambi, inachovywa mawese, inashindiliwa na patasi butu. Ishikwe vizuri lakini ISIJAZE, rudi hatua ya 3 ukasome kwa nini. Mawese yakiganda asubuhi yapashe kidogo. Na yasimwagike juu ya mbao maana rangi haitashika hapo, mimi muuza mawese nakwambia.

Hatua ya 8: Rangi. Koti tatu, kila moja ikauke.

Hatua ya 9: Inyweshe. Ishushe maji ya magotini, ifunge, iache siku tatu. Siku ya kwanza itavuja, usipige kelele, mbao zinakunywa. Siku ya tatu ikivuja bado, itoe.

Hatua ya 10: Injini. Pima kimo cha tezi, ule upande wa nyuma inapofungwa injini, KABLA ya kununua, injini ya mguu mfupi ni inchi 15 na ya mguu mrefu ni 20. Kuna jirani amenunua ndefu kwa tezi fupi, inakokota maji kama jembe.

Hatua ya 11: TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, waje wakague na kusajili, majina mawili. Jaketi okozi moja kwa kila kichwa na la mtoto liwe la mtoto. Ukitaka kuvulia hayo ni mambo ya ofisi ya uvuvi halmashauri, kajipange huko.

Haya, maswali.

Mtoto wa Mwanga: Dada hongera, jumla ilikula shilingi ngapi?

Mama Mawese: Bei ya mbao niliyonunua mimi siyo utakayonunua wewe. Nenda sokoni na vipimo.

Mtoto wa Mwanga: Makadirio tu

Mama Mawese: Sina.

Kigoma Mwisho wa Reli: Naomba namba ya huyo fundi wa Ujiji, nina haraka mwezi huu nataka nimalize.

Mama Mawese: Umesoma hatua ya 3? Mwezi huu hata mbao hazijakauka. Na namba ya mtu siweki hadharani, nenda Ujiji ufukweni, uliza fundi anayejenga yupi, watakuonesha.

Baba Pacha: Hii ya majina mawili ni kuchochea ndoa za watu. Mwanamke kupika ugali wa mafundi nako ni kujenga boti?

Mama Mawese: Kaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa, siyo maneno yangu. Na mimi ugali nilipika NA msumari nikakunja. Hebu jaribu kugonga boti na njaa uone utafika wapi.

Baba Pacha: Basi yaishe shemeji.

Shangazi wa Gungu: Mwanangu mimi nauliza jambo la kijinga labda. Kama mbao inavimba ikiingia majini, kwa nini tuhangaike kuikausha? Si iingie mbichi ikiwa imeshavimba?

Mama Mawese: Shangazi hilo siyo la kijinga, ndo swali nililojiuliza mimi na nikajijibu vibaya. Ingekuwa boti inakaa majini masaa yote usemacho kingekaribia ukweli. Lakini mbao za juu na za ubavu unaopigwa na jua hazikai majini, zikikauka zinanywea na huwezi kuzirudisha. Ukianza na mbao kavu unajua mwelekeo mmoja tu, kwamba itavimba, na kuvimba ndo kunabana kiungo. Ukianza na mbichi hujui itaelekea wapi. Halafu uzito, kile kipande changu cha futi moja kilipoteza zaidi ya nusu kilo, piga hesabu ya boti nzima uone injini ya 15 ingebeba maji mangapi ya bure. Ukija mjini pita nikuoneshe kipande chenyewe, nimekihifadhi.

Shangazi wa Gungu: Asante mwanangu, nitakuja na mgebuka.

Mama Mawese: Mkavu au mbichi?

Shangazi wa Gungu: Mkavu, usiwe na wasiwasi umekaushwa vizuri kuliko mbao zako 😂

Dereva wa Kalya: Sufi ya godoro inafaa kwa kalafati? Pamba hapa shida.

Mama Mawese: Tulijaribu. Nyuzi zake fupi na zinateleza, haisokoteki, ukishindilia inakatika. Tafuta pamba.

Mnyamwezi wa Igunga: Mama huku pamba si ya kutafuta, ila mawese ya Kigoma tunauziwa bei ya dhahabu. Naweza kukutumia kwa treni?

Mama Mawese: Mdogo wangu hapo umeongea! Njoo inboksi tubadilishane, dumu kwa kiroba. Iwe kavu na isiwe na mbegu.

Kijana wa Bangwe: Mimi na mchumba wangu tunataka kuanza, hatujafunga ndoa bado. Tusubiri?

Mama Mawese: Boti msisubiri, mbao zichukue muda wake. Ila andikishianeni makubaliano mbele ya wakili, kile kifungu cha 60 ni cha wanandoa, nyie bado hakiwahusu.

Kijana wa Bangwe: Na ile ya kusema mwanamke asipande boti mpya ni mkosi? Mama mkwe kashikilia hapo.

Mama Mawese: Mimi nilipanda na ikazama nusu. Lakini mkosi ulikuwa mbao mbichi. Raundi ya pili nilitangulia kupanda na tumeshaenda Mwamgongo na kurudi mara nyingi tu. Wiki za kusi, ule upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, ukiona mawimbi yana povu jeupe baki nyumbani, hapo hata mama mkwe yuko sahihi.

Kigoma Mwisho wa Reli: Mama Mawese nimerudi, nisamehe ile siku. Nimenunua mbao, nimepanga kivulini na vijiti. Kipande changu Jumapili ya kwanza gramu 1,450, ya pili 1,390, leo 1,350. Inashuka kidogo kidogo siku hizi, naweza kuanza kugonga zile za chini?

Mama Mawese: Hapana. Umeweka vijiti kila futi mbili?

Kigoma Mwisho wa Reli: Kila futi nne, vilipungua.

Mama Mawese: Ongeza vijiti. Tuonane Jumapili.