SOMO: Picha za mtaani kwa kamera ya filamu ya 120, Glasgow wakati wa baridi, bila tripodi

Wakuu habari zenu. Hili somo ni la wale mlioko Uskoti na jirani zake, kamera zenu za midiamu fomati (zile za filamu pana ya 120) mnazifungia kabatini kuanzia Novemba eti hakuna mwanga. Mwanga upo, ila msiutafute angani, mwezi wa 12 Glasgow jua linazama kabla ya saa kumi jioni na hata mchana wenyewe mawingu yamefunga. Tafuta wa madukani, wa mabasi, wa vibanda vya chipsi.

Hatua ya 1: filamu. HP5 Plus au Tri-X 400, zote nyeusi na nyeupe za ISO 400, seti mita ya mwanga kwenye ISO 1600 na usibadilishe katikati, roli nzima inasafishwa pamoja. Kamera ya picha za sentimita 6x6 inakupa picha 12 tu, 6x7 ndo 10, kwahiyo mambo ya kupiga hovyo sahau. Pakia ukiwa bado ndani, maana vidole vikishaganda ule ulimi wa karatasi hauingii kabisa kwenye mkato wa spuli, na roli ikiisha ikaze vizuri ndo ulambe gundi, ikilegea mwanga unapenya pembeni.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe: chagua sehemu kwanza, watu watakuja. Mimi napenda chini ya daraja la reli la Central Station pale Argyle Street, wenyeji wanapaita Hielanman's Umbrella. Mvua ikinyesha watu wanaingia pale wamelowa, wanakunja miavuli, wanasimama kuangalia simu, na taa za maduka zinawapiga usoni kwa ubavuni huku nyuma yao barabara ni giza tupu. Egemea ukuta, tafuta alama chini kama mita 3 mbele yako, ufa au mfuniko wa mtaro, fokasi hapo hapo halafu tulia. Lenzi ya 80mm kwa f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ndogo ndo tundu kubwa) kwenye umbali huo eneo linalotoka kali ni kama sentimita 80 tu, ukianza kumfukuza mtu huku unazungusha fokasi utarudi na ukungu mtupu. Jumamosi na Jumapili nenda soko la Barras, mfumo ni ule ule.

Hatua ya 3: vipimo. Saa tisa alasiri na mawingu mazito anza na 1/250 (sehemu ya sekunde ambayo shata, yaani pazia la kamera, inakaa wazi) kwa f/5.6. Chini ya taa shuka 1/60 kwa f/3.5, hapo anayetembea atafutika kwahiyo piga waliosimama, anayesubiri basi, anayewasha sigara. Usipime anga hata siku moja, utapata anga zuri na watu weusi tii kama masizi.

Hatua ya 4: kushika. Kama ni ile ya lenzi mbili unayochungulia kwa juu, vuta kamera chini mpaka mkanda ukaze shingoni, viwiko mbavuni, toa pumzi kidogo, bonyeza. Pumzi itoe pembeni, ukiipulizia kioo hutaona kitu. Shata za ndani ya lenzi ni laini, 1/30 inawezekana. Pentax 67 kioo chake kinapiga kishindo, usishuke chini ya 1/125.

Hatua ya 5: ukirudi nyumbani ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki KABLA hujafungua mlango, iache humo mpaka ipate joto, la sivyo umande unajaa kwenye lenzi.

MASWALI

Swali: Mkuu na sisi ngozi nyeusi tunapimwaje?
Jibu: Mita haijui ngozi, inataka kila kitu kiwe kijivu. Ukipima uso mweusi kwa karibu punguza stopu moja, yaani mwanga nusu ya ilichosema mita. Kama mita yako inapima mwanga unaomwangukia mtu, fuata inavyosema, usiongeze wala kupunguza.

Swali: Watu hawakasiriki?
Jibu: Uingereza barabarani hauhitaji kibali, ila ndani ya stesheni pana wenyewe, ongea na wafanyakazi kwanza. Akikuona mpe tabasamu, akikataa achana naye. Mtu anayeinamia kamera kifuani haogopeshi sana, wazee wengi wanakuja wenyewe kuulizia kamera.

Swali: Kaka maabara niwaambie nini?
Jibu: Andika 1600 kwenye roli, waambie wasukume stopu mbili, yaani wasafishe kwa muda mrefu zaidi kwa sababu filamu ya 400 umeipiga kama 1600. Ukisafisha mwenyewe HP5 kwa nyuzi 20, dawa ya Microphen isiyochanganywa maji dakika 11, ID-11 nayo isiyochanganywa dakika 14.

Swali: Niko Toronto, kuna siku ni -15, shata inakuwa nzito.
Jibu: Hiyo dada ni grisi ya zamani inaganda, spidi za chini ndo zinachelewa zaidi, baki 1/125 kwenda juu. Kati ya picha na picha iweke ndani ya koti ila isigusane na jasho. Kama ni Mamiya 7 bila betri haifyatui, tembea na ya akiba mfuko wa suruali. Na zungusha filamu polepole, hewa kavu ya huko ukivuta kwa haraka cheche za umeme zinachora vimistari kama radi kwenye negativu.