Uyoga wa kichuguu: chimba, using'oe

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, uyoga huchomoza kila mahali: kwenye nyasi za viwanja vya mpira, chini ya misonobari, kwenye migomba. Anayeanza aachane na wote huo, ajifunze mmoja tu: uyoga wa kichuguu, ule ambao mchwa wenyewe huulima chini ya ardhi. Utafute kwenye vichuguu vya tambarare, upande wa Kahe na mashamba ya chini ya Moshi, asubuhi na mapema kabla funza hawajauwahi. Kichuguu kilicho ndani ya kahawa inayopigwa mrututu au dawa nyingine, kipite. Msitu wa juu nao uache: uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kuchuma humo bila kibali ni kosa.

Beba kisu chembamba, fimbo na kikapu. Kwenye mfuko wa nailoni uyoga hutoa jasho na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani. Fimbo ni ya kupekulia nyasi na matundu, maana swila hujificha kwenye vichuguu. Usitangulize mkono.

Sasa kazi yenyewe. Chimba pembeni mwa shina, ukilifuata linakoelekea. Shina la uyoga wa kichuguu haliishii kwenye udongo wa juu. Hugeuka mzizi unaozidi kuwa mwembamba, ukishuka mpaka kwenye bustani ya mchwa. Ukiona umepita urefu wa shubiri na bado unashuka, kata hapo. Ukiivuruga bustani yenyewe, umeharibu mavuno ya mwakani. Kofia nayo ina kinundu kigumu katikati, ndicho kilichotoboa udongo. Amanita, jamii yenye uyoga unaoua, huishia karibu tu, kwenye tunguu ambalo mara nyingi limevaa kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka. Ukiung'oa, kifuko hubaki ardhini, nawe unabaki na uyoga mweupe mzuri usio na ushahidi wowote.

Nyumbani, kata kofia moja iliyofunguka, ilaze kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli usiku kucha. Unga utakaodondoka uwe wa waridi hafifu. Ukiwa mweupe, tupa wote: amanita huacha unga mweupe. Wa kijani ni ule wa viwanjani, unaotapisha na kuharisha ndani ya saa chache.

Kijiko cha fedha na kitunguu saumu sufuriani, ambavyo watu husema hubadilika rangi kukiwa na sumu, havipimi chochote. Uyoga kuliwa na konokono nako si kipimo: hula amanita asidhurike, na moto hauiondoi sumu yake.

Uliopita vipimo vyote kwangua udongo, suuza upesi, chanachana kwa vidole, kaanga na kitunguu na nyanya mpaka maji yakauke, kama dakika 20. Mara ya kwanza kula vipande vichache, na uache uyoga mmoja mzima bila kuupika.

Sumu ya amanita hujitokeza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kwa kutapika na kuhara. Kisha mgonjwa hupata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Usisubiri nafuu hiyo. Mkimbize hospitali ya KCMC mjini Moshi, ya Mount Meru mjini Arusha, au yoyote iliyo karibu, na ule uyoga mmoja uende naye.