Namna ya kuandika maelezo ya uchambuzi wa mkopo wa nyumba za bei nafuu kwa ajili ya HUD

Kazi yangu ni kuchambua mikopo ya majengo ya kupangisha kwa mkopeshaji mwenye kibali cha MAP, utaratibu wa kuharakisha maombi ya mikopo ya majengo kama hayo, hapa Marekani. Kila mkopo huishia kwenye hati moja ndefu: maelezo yanayokwenda HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, kuomba bima ya FHA, idara yake inayomlinda mkopeshaji endapo mkopo hautalipwa. Waswahili wenzangu wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie wapi, na maswali yao yanafanana. Haya ndiyo ninayowaeleza. Mifano nimeiweka kwa Kiswahili. Faili lenyewe utaliandika kwa Kiingereza.

Kwanza mjue msomaji wako. Utaratibu wa MAP ulianza mwaka 2000, na chini yake mkopeshaji ndiye anayefanya uchambuzi mzima. HUD hupitia na kuamua. Afisa atakayepokea faili lako hakulitembelea jengo pamoja nawe, hakukaa na mwekezaji anayeomba mkopo, na mezani ana mafaili mengine yanayomsubiri. Akiona namba, atataka kujua imetoka wapi. Akilazimika kuifukua kwenye kiambatisho chenye mamia ya kurasa, ataandika swali, na swali moja laweza kula wiki nzima. Kwa hiyo kila namba iandikwe pamoja na sababu yake, kwenye ukurasa uleule. Ukilishika hilo peke yake, umeshashika sehemu kubwa ya kazi.

Jua pia ni mkopo gani unaouandikia. Kifungu cha 221(d)(4) ni cha ujenzi mpya au ukarabati mkubwa, na muda wake hufika miaka 40 baada ya kipindi cha ujenzi. Kifungu cha 223(f) ni cha kununua jengo lililopo au kulipia upya deni lake, na muda wake haupiti miaka 35. Maswali yanatofautiana sana. Kwenye ujenzi mpya msomaji anahofia gharama, mkandarasi na kasi ya kupata wapangaji. Mishahara ya mafundi nayo lazima ifuate sheria ya Davis-Bacon, inayotaka walipwe angalau kiwango cha kawaida cha eneo. Kwenye 223(f) kwa kawaida kuna historia ya miaka mitatu ya mapato na matumizi, na hofu yake ni kama historia hiyo inasema kweli.

Anza na kodi ya nyumba

Wengi huanza kwa muhtasari kwa sababu ndio ukurasa wa kwanza. Mimi muhtasari huuandika mwisho. Naanza na kodi, yaani pango analolipa mpangaji, maana kila kitu kingine kinaning'inia hapo.

Chukua jengo la mfano lenye apatimenti 120, lililopata nafuu ya kodi ya mapato kwa nyumba za watu wa kipato cha chini, ile iliyoanzishwa na sheria ya kodi ya mwaka 1986, Kifungu cha 42. Tuseme apatimenti zote ni za familia zenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo. Kodi ya juu inayoruhusiwa haitegemei ni watu wangapi watakaoishi humo. Huhesabiwa kwa mtu mmoja na nusu kwa kila chumba cha kulala, kwa hiyo apatimenti ya vyumba viwili inapimwa kama familia ya watu watatu. Kama kikomo cha kipato cha watu watatu ni dola 54,000 kwa mwaka, asilimia 30 yake ni dola 16,200, sawa na dola 1,350 kwa mwezi. Kisha unatoa posho ya umeme, maji na gesi ambayo mpangaji atajilipia. Tuseme dola 130. Inabaki dola 1,220. Hiyo ndiyo kodi ya juu kabisa ambayo mwenye jengo anaweza kumtoza mpangaji.

Waandishi wengi wakifika hapo wanasimama. Usisimame. Kodi inayoruhusiwa na sheria siyo lazima iwe kodi inayolipika sokoni. Onyesha mthamini amepata nini kwenye fomu HUD-92273 alipolinganisha na majengo ya jirani yasiyo na masharti. Kama kodi ya soko ni dola 1,480, basi jengo lako liko karibu asilimia 18 chini ya soko, na hapo una hoja yenye nguvu kuliko sentensi yoyote ya kusifu. Kama soko ni dola 1,240 tu, una tatizo la kulieleza, kwa sababu mpangaji hana sababu ya kujaza fomu za kuthibitisha kipato chake ili aokoe dola 20.

Binti mmoja ninayemfundisha kazi aliniletea rasimu yenye aya hii: "Soko ni imara na mahitaji ya nyumba za bei nafuu ni makubwa." Nilipomwambia aiandike upya aliniuliza, "Dada, si mthamini ameshasema hivyo?" Nikamjibu, "Kasema, mdogo wangu, lakini sahihi chini ya hati ni yetu." Toleo lake la pili lilitaja majengo ya nafuu ya kodi yaliyomo katika eneo la soko, likaeleza kila moja lina wapangaji kwa kiwango gani na orodha ya wanaosubiri ikoje, likaonyesha ni kaya ngapi za wapangaji zina kipato kinachofaa, na likamalizia na jengo jipya linalojengwa karibu litakaloshindana nasi. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa alilitaja bila kulazimishwa.

Kama sehemu ya jengo ina ruzuku ya Kifungu cha 8, ambapo serikali humlipia mpangaji sehemu ya pango, andika mkataba unaisha lini, unahusu apatimenti ngapi, na kodi ya mkataba imesimama wapi ikilinganishwa na ya soko. Ruzuku iliyo juu ya soko inatakiwa ielezwe kwa uangalifu mkubwa: mkataba usiporudishwa upya, nani atalipa tofauti?

Gharama za uendeshaji

Hapa ndipo mikopo hupimwa kweli, na hapa nakaa muda mrefu kuliko popote. Endelea na mfano wetu. Tuseme wastani wa kodi ni dola 1,150. Kwa apatimenti 120 ni dola 1,656,000 kwa mwaka. Toa asilimia 5 kwa apatimenti zitakazokaa bila wapangaji na kodi isiyokusanywa, zinabaki dola 1,573,200. Gharama ni dola 6,100 kwa kila apatimenti, akiba ya matengenezo makubwa ikiwemo, jumla dola 732,000. Mapato halisi ni dola 841,200.

Mwongozo wa MAP wa mwaka 2020 uliweka uwiano wa kumudu deni, yaani mapato halisi yakigawanywa kwa malipo ya deni ya mwaka, wa 1.15 kwa nyumba za bei nafuu na 1.11 kwa majengo ambayo angalau asilimia 90 ya apatimenti zake zina ruzuku ya pango. HUD hubadilisha viwango kwa barua kwa wakopeshaji, kwa hiyo taja barua inayotumika kwa maombi yako na tarehe yake. Kwa 1.15, fedha zinazoweza kwenda kwenye deni ni takriban dola 731,500 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 5.75, miaka 40, na bima ya asilimia 0.25 kwa mwaka, huo ni mkopo wa takriban dola milioni 11.

Sasa ongeza dola 200 tu kwenye gharama za kila apatimenti. Ni dola 24,000 kwa mwaka, na mkopo unashuka kwa zaidi ya dola 300,000. Mwekezaji atalalamika, na atakuonyesha jengo lake jingine linaloendeshwa kwa bei rahisi. Msikilize, kwa sababu mara nyingine ana haki. Lakini kabla ya kukubali, weka mistari yote kwenye fomu HUD-92274 mbele yako na uulize kila mmoja unatoka wapi. Bima ya jengo iwe na bei iliyoandikwa na kampuni ya bima kwa jengo hili, kwa sababu bei za bima zimepanda sana na takwimu za majengo mengine huchelewa. Mishahara iwe na majina ya kazi: meneja mmoja, fundi mmoja, msaidizi wa nusu siku, na marupurupu yao. Kodi ya ardhi na majengo ndiyo inayoangusha wengi. Ikiwa jengo limepewa msamaha wa kodi hiyo, andika nani kautoa, kwa sheria gani, una masharti gani, na unaisha mwaka gani. Msamaha wa miaka 15 ndani ya mkopo wa miaka 40 unaacha miaka 25 yenye swali, na swali hilo lijibiwe kwa hesabu ndani ya maelezo.

Unaporuhusu namba iliyo chini ya ile ya mthamini, sema wazi: mthamini alipata hivi, sisi tumetumia hivi, kwa sababu hizi. Kutofautiana naye kunaruhusiwa. Kinachoharibu ni kutofautiana kimyakimya.

Kisha eleza kiasi cha mkopo kilivyopatikana kwenye fomu HUD-92264-A. Deni linalomudika ni kigezo kimoja tu. Kuna gharama au thamani ya jengo, kuna kikomo cha kisheria kwa kila apatimenti, na kuna hesabu inayoondoa ruzuku na fedha nyingine kwenye gharama. Kinachotoa mkopo mdogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Kitaje kwa jina, na useme kilichofuata kiko mbali kiasi gani.

Hatari ziandikwe na wewe

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kila jengo lina udhaifu, na afisa ataupata, ama kwako au kwenye ripoti uliyoiambatisha mwenyewe. Nami naandika hatari katika kurasa za mwanzo, kila moja na kinachoipunguza.

Mfano wa reli. HUD hutaka kelele zipimwe kama kiwanja kiko ndani ya futi 3,000 za reli, futi 1,000 za barabara kuu au maili 15 za uwanja wa ndege. Kelele za nje zikizidi desibeli 65 kwa wastani wa mchana na usiku, lazima kuwe na hatua za kuzipunguza, na ndani ya nyumba lengo ni desibeli 45. Aya mbaya inasema kelele "zitashughulikiwa kwenye usanifu". Aya nzuri inasema kipimo upande wa mashariki ni desibeli 71, madirisha ya upande huo yana kiwango fulani cha kuzuia sauti, mchoro fulani unayaonyesha, gharama yake imo kwenye bajeti ya mkandarasi, na uwanja wa watoto umehamishiwa nyuma ya jengo. Anayesoma hivyo hana cha kuuliza. Zaidi ya hayo, watoto watalala kwenye vyumba vile kwa miaka mingi, na aya yako ndiyo inayohakikisha dirisha zuri halikufutwa kwenye bajeti.

Ukaguzi wa mazingira huingizwa kwenye HEROS, mfumo wa HUD wa mtandaoni. Mwonye mteja mapema: asianze ujenzi wala ubomoaji kwenye kiwanja kabla HUD haijamaliza ukaguzi huo.

Unapoomba HUD ilegeze kanuni, usiliache ombi katikati ya aya ya ukurasa wa 40. Lipe kichwa chake, taja kifungu cha mwongozo, eleza kwa nini jengo hili linastahili.

Watu na fedha

Mikopo hii haimfuati mwekezaji kwenye mali zake binafsi, kwa hiyo HUD huangalia sana tabia na uwezo wake. Eleza amejenga nini cha aina hii na ukubwa huu, ana fedha taslimu kiasi gani baada ya kutoa madeni yanayokaribia, na majengo yake mengine yanaendaje. Kama mojawapo liliwahi kuchelewesha malipo, simulia lilivyotatuliwa. Kampuni ya usimamizi ipimwe kwa uzoefu wake na masharti ya Kifungu cha 42, maana kosa la kuhakiki kipato cha mpangaji linaweza kumgharimu mwekezaji nafuu yake ya kodi.

Kwenye vyanzo vya fedha, jedwali peke yake halitoshi. Sema kila dola inaingia lini. Fedha za mnunuzi wa nafuu ya kodi, yaani anayechangia mtaji wa jengo ili apate nafuu hiyo, huja kwa awamu, na awamu kubwa aghalabu huja jengo likishakamilika au likishajaa. Kati ya sasa na wakati huo nani anamlipa mkandarasi? Kwa ujenzi mpya wa 221(d)(4) taja pia amana ya mtaji wa kuanzia, asilimia 4 ya mkopo, na amana ya kufidia upungufu wa mwanzo, na uonyeshe zinatoka wapi.

Kabla ya kutuma

Chapisha muhtasari, uuweke kando ya ripoti ya mthamini, ya soko, ya gharama na ya mazingira, na upitie idadi ya apatimenti, futi za mraba, maegesho, anwani na jina la mkopaji. Ripoti hizi huandikwa na watu tofauti miezi tofauti, na mara nyingi moja inabaki na mchoro wa zamani. Ukikuta tofauti, irekebishe kwenye ripoti husika na kwa mwandishi wake. Mteja wako analipa HUD ada ya maombi ya dola 3 kwa kila dola 1,000 za mkopo, ambayo kwa mfano wetu ni dola 33,000, na anastahili faili lisilorudishwa kwa sababu ya maegesho.

Maswali yakija, jibu kwa maandishi, kila swali kwa namba yake. Jibu likibadilisha kodi, gharama au riba, piga upya hesabu za 92264-A, rekebisha kurasa zote zinazotaja kiasi kile, weka tarehe mpya juu yake, na zitume pamoja na barua inayoorodhesha kurasa zilizobadilika.