Vyeti viko Ujiji, PDF inatakiwa ughaibuni

Chuo kinataka vyeti vyako vyote katika PDF moja, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Wewe uko Leeds, vyeti viko kabatini kwa mama mdogo Ujiji. Kuzigeuza picha kuwa PDF ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa iko kule Ujiji, kabla hata picha haijapigwa.

Mwombe aliye nyumbani aweke cheti mezani karibu na mlango, mchana, flashi ikiwa imezimwa. Flashi ikimulika cheti kilichopigwa laminesheni huacha doa jeupe, na doa hilo likiangukia namba au muhuri, picha haifai. Simu iwe juu ya karatasi, isiinamishwe, na pembe zote nne zionekane. Upande wa nyuma nao upigwe kama una muhuri au maandishi. Kabla ya kutuma, aikuze picha na kukusomea namba ya cheti. Akishindwa yeye, ofisa naye atashindwa.

WhatsApp huibana picha inapotumwa kama picha. Aitume kama dokumenti, ifike ilivyo. Faili litakuwa zito, kwa hiyo mtumie bando kwanza. Si haki kumwachia gharama hiyo.

Kama simu yake ina kamera dhaifu, aende steshenari mjini Kigoma au pale Mwanga, wamskanie kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, moja kwa moja kuwa PDF. Kwa kipimo hicho ukurasa wa A4 una pikseli zipatazo 2480 kwa 3508, na maandishi madogo yanasomeka. Asiondoke hadi aone faili limefutwa kwenye kompyuta ya dukani.

Picha zikikufikia, tovuti kama iLovePDF na Smallpdf zitaziunganisha na kuzipanga kwa haraka. Lakini kumbuka faili linapanda kwenye kompyuta za watu wengine, na cheti cha kuzaliwa kina majina ya wazazi wako na tarehe yako. Kwa cheti hicho, kitambulisho cha NIDA na pasipoti, nakusihi utumie kifaa chako mwenyewe. Kwenye iPhone, fungua programu ya Faili, chagua picha zote, kisha amuru zitengenezwe PDF. Simu nyingi za Android zinakuruhusu uchague kuchapisha, halafu kuhifadhi kama PDF. Windows 10 na 11 nazo zina uwezo huo, bila intaneti.

Picha za iPhone huweza kuja kama HEIC, aina ya faili la picha, na baadhi ya mifumo huzikataa. Ukizigeuza kuwa PDF tatizo hilo linakwisha. Chagua ukubwa wa A4, isipokuwa unapeleka Marekani, ambako karatasi ya Letter ni fupi na pana kidogo. Faili likizidi kiwango, libane kidogo kidogo, na kila mara ukuze muhuri uone kama bado unasomeka.

PDF ya picha haigeuki kuwa nakala iliyothibitishwa. Kama hiyo ndiyo inayotakiwa, nakala ipelekwe kwanza kwa wakili igongwe muhuri, ndipo iskaniwe. Kwa hiyo uliza chuo mapema, kabla mama mdogo hajapanda daladala kwenda mjini.