Jinsi ya kupima chumvi ya Mto Tana mlangoni, ukitokea Lamu

Kila kiangazi, ndani ya matatu ya Mokowe kwenda Witu, maneno ni yale yale: mto umeingia chumvi, mpunga unaungua, mabwawa ya huko juu yametumaliza. Huenda ni kweli. Lakini uliza chumvi ni kiasi gani, ilipimwa saa ngapi, maji yakijaa au yakikupwa, juu au chini, uone nani atakujibu. Hapa naeleza jinsi ya kupata jibu hilo kwa kifaa kidogo, kamba na mtumbwi. Nawaandikia hasa vijana wa Lamu wenye ndugu wanaolima Witu, na Kipini, Kau na Ozi huko mlangoni mwa mto.

Kwanza tuelewane kuhusu mabwawa. Tana una mabwawa matano makubwa ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Hayo hayamwagi chumvi mtoni. Maji yanayoshuka kupitia Garissa ni matamu. Kilichobadilika ni mwendo wake: mafuriko ya masika yamepunguzwa kimo, na mtiririko wa kiangazi unategemea ni kiasi gani kimefunguliwa kupitia mitambo. Mto ukija na nguvu, bahari inasukumwa nje. Ukilegea, bahari inapanda. Yale mafuriko makubwa nayo yalikuwa na kazi yake, kuosha chumvi kwenye mashamba na mifereji. Kwa hiyo bwawa laweza kukusaidia Februari na kukunyima Mei. Bila vipimo vya miezi mingi, anayelaumu na anayetetea wote wanabahatisha.

Hatua ya 1: Kifaa

Tunapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikizidi, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Namba inaandikwa µS/cm, yaani maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari yako kama 50,000. Maji ya mto mtamu ni mia chache tu.

Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Vile vikalamu vya bei nafuu vinavyouzwa mtandaoni kwa kupimia maji ya kunywa, vingi hukoma kabla ya 10,000. Mlango wa mto utaupita upeo huo kabla hujafika katikati ya mkondo. Tafuta chenye kupima mpaka 50,000 au zaidi, kisichoingia maji, na kinachosoma joto pia na kulirekebisha hadi nyuzi 25. Joto likipanda nyuzi moja, usomaji hupanda karibu asilimia 2, na maji ya Kipini mchana si ya nyuzi 25.

Hatua ya 2: Kikague nyumbani kabla ya safari

Ukipata dawa ya kurekebishia, yaani maji maalumu ambayo namba yake ya µS/cm inajulikana, ya 1,413 na ile ya 12,880, tumia zote mbili. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, chovya, kisha mwaga. Usichovye ndani ya chupa yenyewe, utaiharibu yote.

Ukiikosa, nenda kituo cha mafuta ununue maji ya betri (yale yasiyo na chumvi, si asidi ya betri), lita 5. Pima gramu 5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, koroga mpaka iyeyuke. Kifaa kikisoma karibu na 2,000, safari ipo. Kikisoma 1,400 au 2,700, kirekebishe au kiache.

Halafu zungukeni nacho mtaani. Chota kisima cha Lamu mjini, chota na cha Shela penye mafungu ya mchanga, linganisha. Hilo ni zoezi zuri kwa wageni wa kazi hii, kwa sababu ulimi wako tayari unajua kipi ni maji ya chumvi na kipi ni matamu. Sasa utajua na namba yake.

Hatua ya 3: Chagua siku kwa mwezi, saa kwa maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi nzima. Pale pale, siku hiyo hiyo, maji yanaweza kunyweka asubuhi na kuwa bahari tupu alasiri.

Nendeni mara mbili katika mwezi: wakati wa bamvua (maji makubwa), siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu, na wakati wa maji mafu (maji madogo), mwezi ukiwa nusu. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kama saa nne au tano. Angalieni jedwali la maji, lakini kumbukeni kwamba jedwali ni la ufukweni. Ndani ya mto maji huchelewa. Ufukwe wa Kipini unaweza kuwa umeanza kukupwa huku mto bado unapanda kwenda bara.

Dalili ni magugu yanayoelea. Yakipanda, maji yanajaa. Yakisimama, kaa tayari. Usione haya kumsikiliza nahodha. Kijana ameshatoa kifaa, mzee ameshika upondo, anamwambia, “Ngoja mwanangu, maji hayajasimama.” Dakika ishirini baadaye namba ni nyingine kabisa.

Pima mwisho wa kujaa na mwisho wa kukupwa. Ukiweza mara moja tu, chagua mwisho wa kujaa siku ya bamvua, ndio wakati chumvi inapofika mbali zaidi.

Hatua ya 4: Juu na chini

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Yanapoingia hayachanganyiki mara moja. Hujipenyeza chini, yakitambaa sakafuni, na maji matamu yakiteleza juu yake kwenda baharini. Anayechota kwa kata pembeni ya mtumbwi anapima tabaka la juu tu. Chukulia juu amesoma 700, akarudi kijijini kusema mto mzima. Mita tatu chini huenda pana 19,000, na bomba la pampu limelala huko huko chini.

Chombo cha kuchotea chini kinatengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Ifunge chubwi mbili (risasi za mshipi) au jiwe shingoni na kitakoni, iwe nzito ya kuzama ikiwa tupu. Mdomoni tia kizibo cha mpira au kipande cha ndara kilichochongwa kikabana, ukitoboe, upitishe uzi wake peke yake. Kamba kuu itie fundo kila nusu mita. Teremsha mpaka kina unachotaka, vuta uzi kwa ghafla, utaona mapovu yakipanda. Mapovu yakiisha, pandisha. Maji ya mara ya kwanza suuzia chupa, umwage. Ya pili ndiyo ya kupima.

Pimeni katikati ya mkondo, si kwenye mikoko pembeni ambako maji hudumaa. Vipimo vitatu vinatosha: juu, nusu ya kina, na nusu mita kutoka sakafuni. Mto una viboko na mamba, kwa hiyo hakuna anayeshuka majini, na hakuna anayepima gizani kwa sababu tu jedwali limesema alfajiri.

Hatua ya 5: Andika palepale

Tarehe, saa, mahali, maji yanajaa au yanakupwa, bamvua au mafu, kina, namba, joto, na kama mvua imenyesha. Basi. Namba isiyo na saa ya maji ni ya kutupa.

Hatua ya 6: Soma namba kwa mpunga

Kwa kunywa, zidisha namba kwa 0.65 upate miligramu za chumvichumvi kwa lita. Chini ya 600 ladha ni nzuri, kupita 1,000 wengi watakataa. Lakini utamu si usafi: kisima cha 400 kilicho karibu na choo kinaweza kukulaza, na kifaa hiki hakitakwambia.

Kwa umwagiliaji, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema chini ya 700 µS/cm mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 700 na 3,000 kwa uangalifu. Kupita 3,000 ni hatari kubwa. Maharagwe huumia mapema, mahindi yanafuata. Mpunga huvumilia zaidi kidogo, ila miche michanga na mpunga unaochanua haitaki mzaha.

Wakulima wa Ozi tangu zamani hutegemea bahari kusukuma maji matamu ya mto yapande mashambani. Utaratibu huo bado waweza kufanya kazi, ila sasa unahitaji mlinzi. Weka mtu mdomoni mwa mfereji na kifaa, apime kila dakika kumi na tano maji yakijaa. Mwanzoni yanayopanda ni ya mto wenyewe. Chumvi hufuata nyuma. Kwa miche, ziba namba ikifika 1,500 ikiwa bado inapanda. Ikigonga 3,000, ziba hata kama shamba halijajaa na jirani bado amefungua, usubiri siku ambayo mto umeongezeka huko juu.